Kahawa ya Nani Kikombeni? Kopo la Nje, Africafe, Paketi ya Kusaga au Buni za Kukaanga Mwenyewe

Ingia duka lolote kubwa la chakula, liwe la Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, uende moja kwa moja kwenye rafu ya kahawa. Nchi hii inalima kahawa Kagera, Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Ruvuma na Kigoma. Inalima arabika na robusta, aina kuu mbili za kahawa. Lakini kopo lililowekwa usawa wa macho mara nyingi ni la kampuni ya Ulaya, na la kwetu limesukumwa pembeni. Sehemu kubwa mno ya kahawa ya Tanzania huondoka nchini ikiwa mbichi, magunia kwa magunia. Kukaangwa, kusagwa, kufungashwa na kupewa jina hufanyika kwingine, na hapo ndipo thamani inapoongezeka. Linaniuma jambo hili, na najua haliniumi peke yangu.

Wengi walioamua kuacha kopo la nje hukwama hatua ya pili: wachukue nini badala yake? Kuna Africafe ya Bukoba, kahawa ya unga wa kuyeyuka. Kuna paketi za kahawa ya kusaga zenye picha ya mlima au twiga. Kuna buni mbichi za kupimiwa sokoni, na mzee wa kijiweni mwenye birika juu ya jiko la mkaa. Zote ni kahawa na zote husemwa ni za nyumbani, ila hazifanani kwa ladha, kwa bei wala kwa mahali pesa yako inapoishia. Hapa nimeziweka bega kwa bega pamoja na kopo la nje lenyewe, maana nalo lina haki ya kupimwa kwa kipimo kilekile.

Vigezo kwanza

Kigezo cha kwanza ni umiliki, na hapa watu wengi huteleza. Kusema bidhaa ni ya hapa kunabeba maswali matatu yanayopaswa kutenganishwa: malighafi imetoka shamba la nani, kiwanda kiko wapi, na jina la bidhaa ni mali ya nani. Majibu ya maswali hayo hayaendi pamoja kila mara. Angalia jina la Kilimanjaro peke yake. Bia ya Kilimanjaro hutengenezwa na TBL, kampuni ambayo tangu 2016 iko chini ya AB InBev, kundi kubwa la bia lenye makao yake Ubelgiji. Maji ya kunywa ya Kilimanjaro hutoka Bonite Bottlers ya Moshi, iliyo chini ya kundi la IPP lililoanzishwa na marehemu Reginald Mengi. Bonite hiyohiyo ndiyo inayojaza Coca-Cola huko Moshi. Kwa hiyo jina la kwetu linaweza kuwa na mwenyewe ng'ambo, na jina la ng'ambo likawa linajazwa na kampuni ya Mtanzania.

Wengine hutazama namba za mistari nyuma ya paketi. Namba inayoanza na 620 imesajiliwa Tanzania na ya 616 imesajiliwa Kenya. Hiyo inakuonyesha namba ilisajiliwa wapi tu. Haithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa hapo wala kwamba mwenye kampuni ni wa hapo. Alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, nayo inazungumzia ubora, haizungumzii umiliki. Ukitaka kujua kweli, soma maandishi madogo nyuma: nani ametengeneza, wapi, na kwa niaba ya nani. Maneno "imefungashwa na" si sawa na "imetengenezwa na".

Kigezo cha pili ni ladha na ubora. Cha tatu ni gharama, nami nahesabu gharama ya kikombe badala ya bei ya paketi, kwa sababu kijiko cha kahawa ya unga wa kuyeyuka ni kama gramu 2 na kikombe cha kahawa ya kusaga hutaka kama gramu 10. Kulinganisha kopo la gramu 100 na paketi ya gramu 250 kwa kuangalia bei iliyobandikwa ni kujidanganya: kopo linatoa vikombe 50 hivi, paketi inatoa 25. Cha nne ni usumbufu: vifaa, muda, kuosha, na kama bidhaa inapatikana mtaani kwako mwezi mzima au leo ipo kesho haipo.

Kopo la kutoka nje

*Umiliki.* Nichukue Nescafé, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Ni jina la Nestlé ya Uswisi, na lilianza kuuzwa mwaka 1938. Faida ya jina inarudi huko. Hata hivyo kopo lenye jina hilo si lazima litoke Ulaya. Nestlé ina kiwanda cha Nescafé Abidjan nchini Ivory Coast, na viwanda vingine katika mabara mengine. Soma nyuma ya kopo ulilonalo mkononi.

*Kahawa na kiwanda.* Kahawa za makampuni makubwa huchanganywa kutoka nchi mbalimbali, na mchanganyiko unaweza kubadilishwa bei ya soko la dunia inapopanda au kushuka. Mkulima wa Mbinga au Muleba anaweza kuwamo ndani, ila wewe mnywaji huna njia ya kumwona. Kinachobaki nchini ni faida ya mwagizaji, ya msambazaji na ya mwenye duka, pamoja na ushuru. Si kidogo kwa mwenye duka, na tusimdharau. Lakini ni tawi dogo la mti mzima.

*Ladha.* Hapa kopo la nje lina nguvu yake halisi. Kikombe cha Januari kinafanana na cha Agosti. Aina ni nyingi, zikiwemo zile za chembechembe zilizokaushwa kwa baridi kali, ambazo hubakiza harufu zaidi kuliko unga uliokaushwa kwa hewa ya moto. Tahadhari moja: vipaketi vilivyochanganywa tayari na sukari na maziwa si kahawa hasa. Sehemu kubwa ya uzito wake ni sukari na krimu ya unga. Mwenye kufuatilia sukari yake ya mwilini asome kwa makini.

*Gharama na usumbufu.* Bei hutegemea thamani ya shilingi, kwa sababu mzigo unalipiwa kwa fedha za kigeni. Upatikanaji ni mzuri sana mijini. Usumbufu hakuna: maji ya moto na kijiko.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka ladha asiyoifikiria, mwenye hoteli ambaye wageni wake huomba jina hilo kwa mdomo wao, na yeyote anayehitaji kahawa isiyo na kafeini, maana kwa bidhaa za hapa hiyo ni ngumu kuipata.

Africafe

*Umiliki.* Hutengenezwa na TANICA, kiwanda kilichopo Bukoba tangu miaka ya 1960. Miongoni mwa wanahisa wake wakuu ni vyama vya ushirika vya wakulima wa Kagera: KCU na KDCU cha Karagwe. Serikali nayo ina hisa. Kati ya bidhaa zote za dukani ninazozijua, ni chache ambazo mkulima wa zao lenyewe, kupitia ushirika wake, ana hisa katika kiwanda kinacholisindika. Kwa swali la jina, kiwanda na shamba, Africafe inajibu yote matatu kwa mkoa mmoja.

Niseme pia upande wa pili, kwa sababu wakulima wa Kagera hawatanisamehe nikiunyamazia. Hisa za ushirika hazimlipi mkulima moja kwa moja. Anachopata msimu kwa msimu ni bei ya kilo aliyopeleka kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini kwake. Kagera bado inasumbuliwa na butura, ile biashara ya kununua kahawa ikiwa ingali mtini, hata ikiwa maua, kwa bei ya kutupa kutoka kwa familia iliyobanwa na ada ya shule au ugonjwa. Kopo la Africafe halimalizi butura. Linachofanya ni kuweka mnunuzi mwenye kiwanda ndani ya mkoa, badala ya kila punje kungoja meli.

*Kahawa na kiwanda.* Kagera ni nchi ya robusta. Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya Wazungu kufika, wakiitafuna badala ya kuinywa. Buni mbili za tunda moja zilitumika katika kiapo cha udugu wa damu, na kahawa ya kutafuna bado inauzwa Bukoba. Kiwandani kahawa hukaangwa, husagwa, hukamuliwa kwa maji ya moto yenye mgandamizo, kisha ule uji mzito hukaushwa hadi kuwa unga. Shirika la Kahawa la Kimataifa hukadiria kilo 2.6 za kahawa mbichi kwa kila kilo moja ya unga wa kuyeyuka. Hesabu hiyo tutairudia.

*Ladha.* Nzito, chungu, yenye nguvu. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na utaisikia. Kwa maziwa na sukari inasimama vizuri kuliko makopo mengi ya nje, maziwa hayaimezi. Ikinywewa kavu, wengine huiona kali mno, na dawa yake ni kupunguza kijiko, si kuongeza sukari. Unga wake ni laini, kwa hiyo katika joto la unyevu la Pwani, Tanga au Zanzibar hushika maji upesi na kuganda kama jiwe. Tumia kijiko kikavu, funga kifuniko mara moja, nunua kopo dogo kama mnaokunywa ni wawili.

*Gharama na usumbufu.* Kwa kikombe, mara nyingi huwa chini ya kopo la nje la uzito sawa. Kuna makopo ya ukubwa mbalimbali na vipaketi vidogo. Inapatikana sehemu nyingi za Tanzania; nje ya nchi itafute kwenye maduka ya Waafrika Mashariki.

*Inamfaa nani.* Anayehama kutoka kopo la nje bila kubadili chochote kingine jikoni. Mama lishe anayeuza kahawa ya maziwa asubuhi. Ofisi. Bweni la wanafunzi.

Kahawa ya kusaga iliyokaangwa nchini

*Umiliki.* Hili ndilo kundi linalohitaji macho makali, kwa sababu chini ya picha zilezile za mlima na Wamasai kuna wenyewe wa aina tatu. Kuna vyama vya ushirika, na hapa KNCU ya Kilimanjaro ina historia ndefu: ilianzishwa 1933, ikitokana na chama cha wakulima cha KNPA cha 1925 ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Kuna mashamba makubwa binafsi yanayokaanga kahawa yao wenyewe. Baadhi ni ya Watanzania na baadhi ni ya wawekezaji wa nje. Halafu kuna wakaangaji wa mijini, wengine vijana wenye mashine moja na wateja wa mtandaoni, wanaonunua kahawa safi kutoka vyama vya msingi na kuipa jina lao. Paketi nzuri itakuambia wilaya, kata au chama kahawa ilikotoka. Paketi iliyoandikwa "kahawa bora ya Afrika" bila jina la mahali haijakuambia kitu.

Hata pale mwenye kampuni si Mtanzania, kazi ya kukaanga, kusaga na kufungasha imefanywa hapa kwa mikono ya hapa. Nadhani hilo lina uzito wake, na msomaji anayejali ajira kuliko hisa ana haki ya kulitanguliza.

*Kahawa na kiwanda.* Nyingi ni arabika. Mti huo ulifika Kilimanjaro kwa wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wadogo wakaufanya wao, wakiuotesha chini ya migomba. Leo arabika ya Mbozi na ya Mbinga haipaswi kusimama nyuma ya mtu, ingawa majina ya Kaskazini ndiyo yaliyozoeleka kwenye paketi. Kama unataka kuunga mkono walio mbali na macho ya watalii, tafuta ya Nyanda za Juu Kusini.

*Ladha.* Kwa ladha peke yake, hakuna unga wa kuyeyuka unaoifikia, uwe wa nje au wa ndani. Harufu inajaza nyumba, uchachu wake ni mwororo, na mtu aliyezoea kutia vijiko vitatu vya sukari hushangaa kuona kimoja kinatosha. Lakini sharti iwe mbichi kwa maana ya kukaangwa karibuni. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu kwa wiki chache baada ya kufunguliwa, na paketi iliyokaa rafuni mwaka mzima hunywewa kama majivu. Tafuta tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikusaidii sana. Kama haipo, muulize muuzaji mzigo uliingia lini. Paketi yenye kitundu kidogo cha kutolea hewa ni dalili kwamba mfungashaji anajua kazi yake.

*Gharama na usumbufu.* Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Kwa kikombe ni ghali kuliko Africafe, na paketi nyingi zimepangwa bei kwa kumtazama mtalii anayeelekea uwanja wa ndege. Epuka maduka ya zawadi. Nunua kwa mkaangaji mwenyewe, au kwenye paketi ya kawaida ya nusu kilo isiyo na urembo. Mashine si lazima. Chemsha maji, yaache yatulie nusu dakika, mimina juu ya kahawa ndani ya birika au sufuria, koroga mara moja, funika dakika 4, kisha chuja kwa chujio la chai. Omba kusagiwa kwa chembe kubwa kidogo ukitumia njia hii. Unga laini utapita kwenye chujio na kuacha tope chini ya kikombe.

*Inamfaa nani.* Mpenda kahawa. Mwenye mgahawa anayetaka kujitofautisha. Anayetafuta zawadi ya kumpelekea mtu nje ya nchi.

Buni za kukaanga mwenyewe, na kahawa ya kijiweni

*Umiliki.* Hakuna jina la kumilikiwa. Kuna mkulima, aliyekoboa, muuza sokoni, na wewe, au yule mzee mwenye birika na vijikombe vyake kwenye ndoo ya maji. Mnyororo wote uko nyumbani. Hii ndiyo njia kongwe ya Waswahili kunywa kahawa: kahawa tungu ya Mombasa na mahamri, vijiwe vya Kariakoo na kashata ya nazi, baraza za Mji Mkongwe Zanzibar kama Jaws Corner, ambako habari za siasa na mpira hupikwa pamoja na kahawa.

*Kahawa na kiwanda.* Ukweli mchungu ni kwamba punje bora huenda mnadani na kusafirishwa, na zinazobaki sokoni mara nyingi ni za madaraja ya chini. Kwa hiyo chambua kabla ya kukaanga: ondoa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na mawe madogo. Punje chache zilizooza zinatosha kuharibu sufuria nzima. Nazungumzia kilo moja au mbili za sokoni. Kununua kahawa kwa wakulima kama biashara kunahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa.

Kukaanga si siri ya kiwanda. Tumia kikaango kizito au chungu, moto wa wastani, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi. Koroga bila kupumzika. Punje zitageuka njano, kisha kahawia, na baada ya kama dakika 8 hadi 10 utasikia mlio wa kupasuka. Subiri mlio ulegee, ipua kwa kahawia ya kati au endelea kidogo kama unataka kahawa kali ya kijiweni. Mwaga kwenye ungo, pepeta ipoe na makapi yaruke. Iache ipumzike hadi kesho yake, ndipo uitwange kwenye kinu au kuisaga. Usikaange nyingi, ya wiki moja inatosha.

*Ladha.* Inabadilika kila mara, na inategemea mkono wako. Kwa mtindo wa Pwani kahawa huchemshwa hasa, pamoja na tangawizi, iliki au mdalasini, na hainywewi na maziwa. Upole wa arabika ya paketi utaukosa hapa. Utapata kitu kingine, kizito na chenye moto, kinachotaka kashata au tende pembeni.

*Gharama na usumbufu.* Kwa pesa ndiyo rahisi kuliko zote ukikaanga mwenyewe: kilo moja ya mbichi hukupa kama gramu 840 zilizokaangwa, yaani vikombe 80 na kitu, na vijikombe vya kijiweni vingi zaidi ya hapo. Kwa muda ndiyo ghali kuliko zote. Ukikosa muda, nunua kwa mzee wa kijiweni, ukiangalia usafi wa maji ya kusuuzia vikombe. Na kahawa ya kupimiwa iliyokwisha kusagwa iepuke kama humjui muuzaji, kwa sababu unga hauonyeshi kama umechanganywa na nafaka iliyounguzwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye familia kubwa, mwenye uwanja na saa moja ya Jumamosi, na yeyote anayeandaa shughuli ya watu wengi.

Hesabu moja inayobadilisha mambo

Nilisema tutairudia ile 2.6. Kijiko cha gramu 2 cha unga wa kuyeyuka kimetumia kama gramu 5 za kahawa mbichi. Kikombe cha gramu 10 za kusaga kimetumia karibu gramu 12. Kiwanda kinakamua punje kuliko chujio lako linavyoweza, na ndiyo maana kopo ni nafuu bila udanganyifu wowote.

Ila litazame upande wa shamba. Mtanzania anayekunywa kikombe kimoja cha kahawa ya kusaga kila siku humaliza kahawa mbichi zaidi ya mara mbili ya yule wa kopo. Kama lengo lako ni kwamba kahawa inayolimwa hapa inywewe hapa, kahawa ya kusaga na buni vinasukuma mzigo mkubwa zaidi kwa kila kikombe. Kama lengo lako ni kwamba kiwanda cha hapa kiendelee kuzungusha mashine na jina la hapa lishindane rafuni na majina ya dunia, Africafe inafanya kazi hiyo. Malengo haya mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja. Kwangu Africafe iko kabatini kwa asubuhi za haraka, na kahawa ya Mbozi kwa jioni.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama hujawahi kuacha kopo la nje na unaogopa kubadili ladha, anza na kipaketi kimoja cha Africafe kabla ya kopo. Pika kwa maziwa, tia pungufu ya kijiko ulichozoea. Usipoipenda hujapoteza kitu, na bado una njia nyingine mbili.

Kama unaagiza kwa ajili ya ofisi, gharama ya kikombe ndiyo itakayoamua, na watu hawatakubali kuosha machujio. Weka kopo la Africafe na, kama bajeti inaruhusu, jagi moja la kahawa ya kusaga kwa vikao vya wageni. Mwenye kuhitaji isiyo na kafeini mnunulie ya nje bila kujisikia vibaya.

Kama una mgahawa au nyumba ya wageni Arusha, Moshi, Zanzibar au popote wanapopita wasafiri, mgeni aliyevuka bahari hatakushukuru kwa kopo alilonalo kwao. Ingia mkataba mdogo na mkaangaji wa karibu, mletewe kidogo kidogo kila wiki, na andika kwenye orodha ya vinywaji kahawa hiyo imetoka wilaya gani.

Kama unaandaa maulidi, msiba, harusi au baraza la Ramadhani baada ya futari, hakuna kopo litakalofaa. Buni za kukaangwa siku iliyotangulia, sufuria kubwa, tangawizi iliyopondwa, na mtu mmoja wa kusimamia moto. Kwa watu mia moja na vijikombe vidogo, kilo moja ya kahawa iliyokaangwa inatosha na kubaki.

Kama tumbo lako linalalamika au usingizi unaruka, geukia arabika ya kusaga yenye kafeini ndogo kuliko robusta, na unywe mapema.

Kama kinachokusukuma ni ushirika wa wakulima hasa, tazama Africafe au paketi zenye jina la chama cha ushirika, na acha zile zenye jina la shamba binafsi. Kama kinachokusukuma ni kijana mjasiriamali wa mjini, nunua kwa mkaangaji mdogo, lakini mdai tarehe ya kukaangwa na alama ya TBS. Ukimsamehe mambo hayo kwa sababu ni wa nyumbani, hutamsaidia kukua.

Na kama unasoma haya ukiwa Ulaya, Marekani au Ghuba, jihadhari na mifuko iliyoandikwa jina la Tanzania: nyingi zimekaangwa hukohuko uliko, na kilichotoka nyumbani ni punje mbichi tu. Hiyo si dhambi, na mkaangaji mwaminifu atakutajia hata jina la chama cha msingi alikonunua. Ukitaka iliyokaangwa Tanzania, njia ya uhakika bado ni ndugu anayesafiri. Mwambie anunue mara ya mwisho kabla ya safari, punje nzima ambazo hazijasagwa, na azifunge mbali na samaki wakavu.